Mpinzani wa Kila Bingwa

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wa klabu ya ngumi mliojichagulia viti vya mbele, mimi ni dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu. Kocha wake aliniletea maelezo aliyoyaandaa yeye, yamechapwa vizuri, picha yake Kocha ikiwa juu kabisa, nami nimeyaacha jikoni, kwa sababu yanamsifu mwandishi kuliko marehemu. Nitasoma ya kwetu, na ninayasoma hasa kwa ajili ya binti wa marehemu, ambaye Kocha amemkalisha kando yake, na ambaye jana hapa hapa uani Kocha huyo alimshika bega akamwambia, mwanangu, baba yako alikuwa bingwa asiye na mkanda, una miguu yake, Jumatatu njoo ukumbini tukujaribu, na mtoto, hili ndilo lililoninyima usingizi, alitabasamu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, katika chumba cha uani nyuma ya karakana ya baba, fundi wa kuchomelea vyuma, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyo alitembea bila kutambaa, nasi tukadhani ni chuku za mama, hadi siku tulipomwona, yuko darasa la pili, anaruka ukuta wa jirani na kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1986 hadi 1992, kisha sekondari hadi 1996, ambako katika mashindano ya mwaka wa mwisho alishinda mita mia, akashinda kuruka juu, akashinda kuogelea, na alasiri ileile golikipa alipoteguka kidole, akavaa glovu zilizomzidi ukubwa akadaka penalti mbili. Mwalimu wa michezo alimwambia baba, mzee, huyu mpe hata kamba tupu, atakuletea kikombe.

Mwaka 1997 alianza kazi karakanani kwa baba, na tarehe 14 Juni 1998 Kocha, aliyeleta geti lake lichomelewe, alimwona akilibeba peke yake, akamchukua klabuni kwake. Haikuchukua muda Kocha akagundua kwamba kaka akimtazama bondia yeyote mara moja anaweza kupigana kama yeye, awe wa mkono wa kushoto, awe mfupi wa kuinama, awe mzito wa miguu, basi kila bingwa wa klabu alipokuwa na pambano mbele yake, kaka aliambiwa awe ndiye huyo mpinzani, apigwe mazoezini wiki nzima, na asithubutu kushinda, Kocha akimwambia, acha ngumi ya kichwa iingie, mwenzako anahitaji kujiamini. Wakampa jina, Kinyonga, wakalicheka wenyewe. Pambano lake mwenyewe, lenye tangazo na watazamaji, alipewa moja tu, tarehe 1 Septemba 2001, akamaliza kazi raundi ya tatu, na hakupewa jingine, kwani Kocha alisema mbele yangu, bila haya, huyu akiwa bingwa, mabingwa wangu watampiga nani?

Nilikuwa nikimpelekea chakula ukumbini, na nasema kwa heshima ya msiba huu kwamba harufu ya yale magodoro yaliyolowa jasho na damu niliweza kuivumilia, ila kile kicheko cha waliokaa benchi, Kinyonga leo umeiva, kilinishinda, na waliocheka nawaona hapa, wamevaa suti nyeusi, wanajifuta macho makavu. Msinivute nguo, namalizia.

Tarehe 18 Desemba 2004 alimuoa wifi yangu, msusi, mtu pekee aliyemwambia waziwazi aache, naye akawa anajibu, nikiacha nani atamsaidia Kocha, jamani, hivyo ndivyo alivyokuwa mwema. Walijaliwa mtoto mmoja, binti huyu, tarehe 27 Aprili 2010, ambaye mwaka huu ameshinda mbio zote za shule yake.

Mwaka 2017 kaka alianza kusahau, kwanza funguo, kisha njia ya kutoka karakanani, kisha jina la mwanawe, mkono wa kijiko ukitetemeka hadi uji unamwagika kifuani, na daktari alitueleza kwa upole kwamba ubongo umechakaa kwa kupigwa miaka mingi. Kocha alikuja kumwona mara moja, akaja na mpiga picha, akamvisha glovu kitandani, kaka akazinusa, akaanza kulia, na Kocha akasema, subiri kidogo, afutwe uso. Nimeona uchafu mwingi maishani mwangu, lakini ule, hapana.

Alifariki Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, wifi akimnyoa ndevu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kana kwamba ni ndugu yao, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea, na mafundi wenzake wa karakana waliomtengea kiti hata alipokuwa hawezi kushika nyundo, na ndio watakaobeba jeneza. Klabu ya ngumi, tunashukuru mmefika, na shukrani zetu kwenu zinaishia hapo.

Mwanangu, baba yako aliweza kukimbia, kuruka, kuogelea, kudaka, na kuwapiga hao wote wa viti vya mbele, na katika yote aliyoweza, watu hawa walimtafutia kazi moja tu, kupigwa. Kocha, kesho Jumatatu mtoto anakwenda shule, nami shangazi yake nitamfikisha hadi mlangoni, usimngoje.

Naona umesimama, mwanangu. Mpisheni, jamani, apite, akakae na mama yake.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, hakuna atakayekuinulia mkono tena.