Nilijua Mita Ile Inadanganya

Sabato njema, ndugu zangu. Itikieni vizuri sasa hivi, maana nikimaliza huenda msitake kunipa mkono mlangoni.

Wageni wetu kutoka Kendu Bay hawaijui habari hii. Nyinyi wenyeji mnaijua nusu, ile nusu niliyowaambia mimi mwenyewe. Leo naisema yote.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa dereva wa serikali hapa Migori. Kila safari ilikuwa na kitabu, unaandika kilomita zilizo kwenye mita. Lakini sisi madereva tulikuwa na ujanja wetu. Ukitaka kubeba mahindi ya shemeji au kupeleka watu matangani, unaingiza mkono chini ya dashibodi, unafungua kebo ya mita. Gari linakwenda, namba zimelala. Nilifanya hivyo miaka yote niliyokuwa kazini. Gari la mkubwa wangu lilipopigwa mnada, aliyelinunua alifurahi kwamba limetembea kidogo. Nilikuwa nimesimama pale, nikacheka moyoni.

Baadaye nikapunguzwa kazi, nikarudi nyumbani Uriri. Akina mama wa kanisa hili walikuwa wakichanga kwa muda mrefu wapate gari la kupeleka wagonjwa hospitalini Homa Bay. Wakanituma mimi nikalichague, kwa kuwa ndimi mjuzi wa magari. Wakanipa na mwenzangu, mama mmoja fundi wa kushona. Simtaji jina, yumo humu ndani.

Muuzaji mmoja mjini Homa Bay alikuwa na magari mawili uani kwake. La kwanza lilikuwa na miaka sita, la dizeli, viti vya kitambaa kilichochakaa, na mita yake ilipita kilomita laki mbili. Lilikuwa na kitabu chake, kila mara lilipobadilishwa oili imeandikwa. Na la pili, ndugu zangu! Lilikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini viti vya ngozi, mbao kwenye dashibodi, madirisha ya kubonyeza, injini ya petroli ya silinda nane. Mita ilisoma elfu sitini na moja tu. Muuzaji akasema lilikuwa la mzee mmoja aliyelitoa siku ya kwenda kanisani.

Nikaketi ndani. Nikajiona naongoza msafara wa mazishi, maiti inatoka mochari, taa zimewashwa mchana, watu wa Rongo wamesimama kando ya barabara wakiulizana nani yule anayeendesha. Mnajua kwetu mazishi yalivyo. Gari lililotangulia mbele ya maiti linazungumzwa mwaka mzima. Nikalitaka jinsi mtoto anavyotaka soda.

Mama fundi alikuwa ameinama mlangoni. "Yawa, mbona hii pedali ya breki imeisha hivi? Mpira umelika mpaka chuma inaonekana."

"Ni ya zamani tu, mama."

"Cherehani yangu nimekanyaga miaka kumi, kila siku, na haijafika hapa. Huyu mzee wa kanisa alikuwa anakanyaga nini?"

Muuzaji akacheka. Mimi nikacheka kumpita yeye. Nikamwambia, "Mama, wewe jua sindano. Mambo ya gari achia wenye gari." Akainuka, akaenda kunisubiri getini.

Ndugu zangu, nawaambia, nilijua. Aliponionyesha tu pedali ile nilijua kebo ilikuwa imefunguliwa, tena kwa miaka. Nani angejua kama si mimi? Na hata kama mita ingekuwa ya kweli, mabomba ya mpira ya miaka kumi na mitatu huzeeka gari likiwa limesimama tu, na injini kubwa kama ile ikikosa maji kidogo imekwisha. Lile la dizeli, lenye kilomita nyingi zilizoandikwa, ndilo lililokuwa gari. Nikaja hapa mbele yenu nikasema, "Kilomita kidogo, injini bado mpya." Mkapiga makofi.

Miezi minne liliongoza mazishi. Nilikuwa navaa tai. Mara mbili lilichemka, nikaongeza maji, nikanyamaza.

Kisha binti wa mama fundi akashikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Homa Bay upesi. Tuliondoka saa nne asubuhi. Rongo tulipita vizuri. Kabla ya kufika Rodi mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafuka, injini ikazima. Bomba la maji lilikuwa limepasuka na gasketi imeungua. Nikasimama juani na kopo mkononi nikijifanya natengeneza, na huko nyuma, juu ya viti vya ngozi, msichana analia na mama yake amemshika. Zaidi ya saa mbili tulikaa pale, mpaka pikapu ya samaki ilipotuchukua.

Binti alipona. Mtoto hakupona.

Nikasema petroli ilichanganywa na mafuta ya taa. Niliwaambia wazee hivyo, nikaapa. Halafu nikatorokea Sindo, nikawa napakia samaki na kunywa chang'aa. Mke wangu alibaki huku akijibu maswali yaliyokuwa yangu. Karibu miaka miwili sikuingia kanisani. Nikisikia cherehani kwenye veranda ya duka, nabadilisha njia.

Siku moja ya soko mama fundi akanikuta huko Sindo. Nikajua amekuja kunilaani. Akaketi juu ya kreti. "Nimetafuta wewe siku tatu," akasema. "Nataka kuuliza kitu moja. Siku ile nilikuonyesha pedali, ulijua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikatazama miguu yake, imejaa vumbi mpaka magotini. Nikasema, "Nilijua, mama."

Akalia, nami nikalia, watu wa soko wanatuangalia. Kisha akasema, "Miaka miwili nimefikiria ni mimi. Ati ningekataa kabisa, ningepiga kelele. Sasa nitalala." Akainuka kwenda zake, halafu akageuka. "Rudi nyumbani. Bibi yako amechoka."

Hapo ndipo pombe ilipoanza kuniacha, ndugu zangu. Neno moja la kweli, nililochelewa kulisema miaka miwili.

Namshukuru mke wangu, aliyenifungulia mlango bila kuniuliza kitu. Namshukuru makanika wa Awendo aliyenipa kazi ya kuosha spea nilipokuwa sina uso wa kuomba kazi. Nawashukuru akina mama, mlionikabidhi ufunguo wa gari lingine, la dizeli, kuukuu, lenye kitabu. Na mkienda kununua gari, angalieni umri wake, angalieni injini, na mita muiangalie mwisho. Lakini hayo yote mimi niliyajua na hayakunisaidia. Mtu akikuonyesha kasoro na wewe ukajikuta unamcheka, simama hapo hapo ujiulize unataka nini.

Wa mwisho kumshukuru ni mama mwenyewe. Wiki tatu zilizopita binti yake alishikwa na uchungu tena. Asubuhi nikasikia hodi. "Washa gari," akaniambia. Akaketi mbele, na toka Uriri mpaka Homa Bay hakuniangalia hata mara moja, aliangalia mshale wa joto. Tulipofika hospitalini akasema, "Usizime mpaka nikuambie."

Sikuzima. Nilikaa na injini ikinguruma, mlinzi akanigombeza, sikuzima. Jua likapanda mpaka juu ya kichwa. Ndipo akatoka, akaja mpaka dirishani kwangu, akanitazama usoni.

"Ni msichana," akasema. "Zima sasa."

Nikazima.