Jua la Mwalimu Abner Lilipozama Japani

Wasikilizaji wapendwa, saa hii tumeitenga kwa ajili ya mtu mmoja. Jina lake ni Abner Machogu. Alikuwa mwalimu wa bendi ya tarumbeta katika Shule ya Upili ya Riakeraro, karibu na Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira. Narudia: Mwalimu Abner Machogu, wa bendi ya Riakeraro. Alifariki Jumanne iliyopita mjini Kisii, baada ya kuugua moyo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Wengi wenu mnamkumbuka kwa ile safari ya Japani. Wachache wanajua alirudi kukuta nini.

Abner alizaliwa Keroka, kando ya barabara ya malori. Mama yake aliuza ndizi za kupika. Tarumbeta alijifunza katika bendi ya vijana ya kanisa lake, kanisa linaloishika Sabato. Kwa watu wa kanisa hilo, Sabato huingia jua linapozama Ijumaa, na hutoka jua linapozama Jumamosi. Kati ya machweo hayo mawili, kuni hazipasuliwi, sufuria hazisuguliwi, na bendi ya shule haipigi nyimbo za dunia. Abner aliyapokea hayo kwa mama yake kama alivyopokea jina lake.

Mjane wake, Mama Drusilla, asema: "Alipokuja kunichumbia aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza, waishika Sabato? La pili, waweza kuvumilia kelele?"

Vyombo vya Riakeraro vilikuwa vikuukuu. Tuba, ile tarumbeta kubwa ya besi, ilikuwa na kiraka kilichochomelewa na fundi wa rejeta za malori wa Keroka. Hata hivyo, watoto walipiga. Abner aliuchukua wimbo ambao akina mama wa Kigusii huuimba wakivuna wimbi, akaugawia tarumbeta, tromboni na ngoma. Wageni kutoka Japani waliusikia katika tamasha la shule mjini Kisii. Wakaialika bendi kwao.

Shule nzima ilishangilia. Kisha Abner akaitazama ratiba. Onyesho kuu lilikuwa Jumamosi, alasiri.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini. "Mwalimu Machogu, ni mara moja tu. Mungu atakuelewa."

"Mungu ananielewa tangu zamani," Abner alijibu. "Aliyebaki kunielewa ni wewe. Mchana wa Sabato hatupigi. Afadhali tukae hapa na tuba yetu yenye kiraka."

Safari ikawa haijulikani kama ipo au haipo. Mwishowe wenyeji walikubali kulisogeza onyesho hadi saa moja jioni, jua likiwa limekwisha kuzama.

Jumamosi hiyo, huko Japani, wanafunzi walikuwa tayari nyuma ya jukwaa, sare zimepigwa pasi. Mwalimu wao hakuwapo. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za nje, akitazama magharibi. Nyaboke, msichana aliyepiga tarumbeta ya kwanza, alitumwa kumwita.

"Mwalimu, limezama."

"Bado."

"Mwalimu, hata taa za barabarani zimewaka!"

"Taa si jua, Nyaboke."

"Basi jua la Japani linaringa kuliko bibi harusi."

"Nenda ukapashe tarumbeta yako moto."

Nyaboke asema mwalimu hakucheka, ila mabega yake yalitikisika. Alingoja mpaka ukingo wa mwisho ukapotea nyuma ya majengo. Aliinamisha kichwa, akaomba, akaingia ukumbini. Saa moja ilipotimia, akainua fimbo yake ya kuongozea bendi. Wimbo wa wimbi ulipokwisha, ukumbi wote ulisimama.

Sasa sikilizeni kwa makini, wasikilizaji wapendwa. Huko Japani jua hututangulia. Saa moja ya jioni kwao ni saa saba ya mchana kwetu. Narudia: kwao ni jioni, kwetu ni mchana. Na saa saba mchana, Jumamosi hiyo hiyo, waumini wa kanisa la Abner walikuwa wametoka ibadani, wanakula chakula cha pamoja uani. Muumini mmoja alifungua simu yake. Onyesho lilikuwa likirushwa moja kwa moja. Abner huyo, na fimbo yake, na wimbo wa wimbi.

"Zima hiyo!" alisema Mzee Josiah Nyakundi, kiongozi wa wazee wa kanisa. Kisha akasema, "Acha kwanza. Nataka nimwone kwa macho yangu."

Mama mmoja akadakia: "Amepanda ndege kwenda kuivunja Sabato? Si angeivunjia hapa Keroka, karibu na nyumbani!"

Watu walicheka. Mama Drusilla hakucheka. Asema: "Niliwaambia, wazee wangu, kule jua limezama. Mzee Nyakundi akanyoosha kidole juu. Jua lilikuwa utosini. Akaniuliza, 'Dada Drusilla, na lile ni nini?'"

Bendi iliporudi, Nyansiongo iliwapokea kwa vigelegele. Baraza la kanisa lilimpokea Abner kwa maswali.

"Wewe ni mtu wa Nyamira," Mzee Nyakundi alimwambia. "Sabato yako iko Nyamira."

"Mzee, mimi nilikuwa Japani. Niliingia katika Sabato hiyo Ijumaa, ninyi mkiwa bado mnakata nyasi za ng'ombe. Je, hapo nilikosa pia?"

Walimtaka asimame mbele ya kanisa aseme neno moja, "Nimekosa," naye angesamehewa papo hapo. Alikataa. Alisema kwamba kutubu kosa ambalo hakulitenda ni kusema uongo madhabahuni. Basi akaondolewa katika ushirika.

Hakuhama kanisa. Kila Sabato alikuja, akaketi nyuma kabisa, akaimba sauti ya nne kama kawaida. Hakuruhusiwa kuongoza wimbo wala kushiriki Meza ya Bwana. Kisha moyo ukaanza kumlemea. Mama Drusilla aliogopa jambo moja: mumewe kuzikwa kama mtu asiye na kanisa.

"Nilimsihi," asema. "Nilimwambia, Baba Kemuma, sema hilo neno tupate amani. Akanijibu, 'Nitalisema siku nitakayokosa.'"

Mwaka ukapita hivyo.

Mzee Nyakundi ana binti, Natasha, muuguzi, ambaye mwaka huu alihamia magharibi mwa Australia kikazi. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, mzee alimpigia simu kumjulia hali. Natasha akamwambia, "Baba, umenipata vizuri. Jua limezama sasa hivi, Sabato imeingia. Ombea nyumba yangu." Mzee alimwombea. Kisha akatoka nje, akasimama uani kwake. Lilikuwa jua la kuanikia mahindi.

Jumapili alfajiri alitembea kwa miguu hadi kwa Abner. Mama Drusilla alikuwa akikama ng'ombe. Asema mzee alikataa kiti.

"Abner, mtoto wangu anaanza Sabato mimi nikiwa bado shambani. Je, ni mwasi?"

"La, mzee. Ni binti mwema. Kaa unywe chai."

Mzee akakaa.

Baraza liliketi tena. Abner alirudishwa katika ushirika, wala hakuombwa kutubu. Sabato iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Katika kanisa hilo, kabla ya Meza, waumini huoshana miguu, wawili wawili. Miguu ya Abner ilikuwa imevimba kwa maradhi. Mzee Nyakundi, mwenye miaka themanini, alichukua beseni, akapiga magoti mbele yake, akamfungua kamba za viatu. Ilichukua muda. Kanisa zima lilingoja.

Abner hakumaliza mwezi baada ya siku hiyo.

Mwalimu Abner Machogu atazikwa Alhamisi nyumbani kwake, kanisa lake likiongoza ibada. Kwako Mama Drusilla, kwa mwanao Kemuma na wadogo zake, na kwa wanafunzi wote wa Riakeraro, sisi wa kituo hiki tunasema poleni. Mungu awatie nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo kabla hamjalala, mfikirieni mtu mmoja mliyemtenga. Nendeni mkamwulize alikuwa amesimama wapi. Na mkisha kumwuliza, ketini mpaka ajibu.