Pak Sukarji, Aliyetuita kwa Majina

Tarehe 30 Juni Pak Sukarji anakabidhi ufunguo wa chumba cha king'ora hapa Kaliwuluh. Miaka thelathini na tatu amekaa humo, kilomita saba tu kutoka kilele cha Merapi, mlima wetu wa volkeno, akisikiliza redio ya wataalamu wa mlima na kutuambia tukae au tushuke. Ofisi ya kijiji imetaka wasifu wake utolewe na mtu aliyefanya naye kazi. Mimi nimempikia chai miaka kumi na tisa. Kama yupo anayemjua zaidi, na ajitokeze.

Alianza mwaka 1991, king'ora hakuna. Alikuwa na gogo la mfenesi lililochimbwa tumbo, limening'inizwa barazani, na rungu la kulipigia. Pigo la polepole, kuna msiba. Pigo la mfululizo lisilokata, kimbieni. Baadaye ukaja umeme, vipaza sauti vinne juu ya nguzo, na king'ora kinachojaribiwa kila mwezi. Siku moja baada ya jaribio alisahau kuzima maiki, mlima mzima ukamsikia akisema tempe yangu ya soya ina chumvi kuliko bahari. Nilimnyima chai siku mbili.

Sisi wa mlimani tuna ugonjwa mmoja: ng'ombe. King'ora kikilia, watoto wanashuka, wenye ng'ombe wanabaki kukata majani. Wakubwa wa mjini walituletea vipeperushi. Pak Sukarji alituletea malori. Akaweka na sharti: ng'ombe wanapakiwa darajani, na hapandi ng'ombe bila mwenyewe kushika kamba. Hilo sharti ndilo lililotushusha. Vipeperushi tuliwashia jiko.

Lakini kuna wenye masikio ya mawe. Mlima ulipochafuka mwaka mmoja, saa nane mchana, king'ora kililia na watu wakakaa. Basi akashika maiki na daftari la kaya hamsini na moja. Mwenzake wa kazi Bu Tumirah, aliyesimama darajani, alikuwa akimwambia kwa redio nani ameshavuka, naye akikata jina. Wasiovuka aliwashukia hadharani.

“Mzee Paijan! Mkeo yuko darajani analia. Unangoja nini, akulilie vizuri zaidi?”

“Mbah Ginah! Moshi wa jiko lako nauona kutoka hapa. Epua chungu, bibi, wali tutaula huko chini!”

Mbah Ginah ndiye mimi. Nilishuka natukana, kamba ya ng'ombe mkononi, nikaingia kituoni nimpe langu. Aliponiona akakata jina langu; daftari lote limekatwa, yamebaki majina mawili. Moja la Paijan. La mwisho kabisa, chini, la nyumba yake mwenyewe.

“Mkeo Lastri yuko wapi?” nikamuuliza.

“Nyumbani. Nitamwita baada ya Paijan. Watu watasema nini, Mbah, nikianza na wangu?”

Na huyo Lastri naye! Alikuwa amekaa kitini, kifurushi mapajani, anangoja zamu yake kama mke mstaarabu. Redio ikapiga kelele: wingu la moto limeingia bonde letu. Nikampokonya maiki.

“Lastri! Toka sasa hivi! Mumeo ana adabu, mlima hauna!”

Alikuja mbio, ndala moja mguuni. Paijan tulimkuta njiani anavutana na ng'ombe wake, tukawasukuma wote wawili. Tulivuka daraja majivu yanatuchoma shingo. Jioni tulihesabiana: kaya hamsini na moja, hakukosekana mtu. Nyumba ya Pak Sukarji tuliikuta kuta tupu, na kile kiti cha Lastri kimekuwa mkaa.

Siku tatu hakuja kunywa chai. Ya nne akaja jikoni, akasimama mlangoni. “Mbah,” akasema, “ningemuua mke wangu kwa adabu.” Akalia. Nikamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Kesho yake aliandika daftari upya. Tangu hapo anayeshika maiki Kaliwuluh anaita kwanza nyumba yake, ndipo aite za wenzake, maana mwenye mtu wake hatarini sauti humtetemeka. Vijiji viwili vya jirani vimeuchukua mtindo huo.

Sasa atakayeshika maiki ni Bu Tumirah, na siku hizi hata simu zinalia zenyewe kutuonya. Pak Sukarji, nakujua. Siku mlima ukichafuka utasema, ngoja nipite kituoni niwasaidie. Hupiti! Ukisikia jina lako, mshike Lastri mkono mshuke, msigeuke nyuma. Umetuita miaka thelathini na tatu, na sisi tukaja, wengine kwa matusi. Ahsante, mwanangu. Tunakutakia uzee mrefu, mlima mtulivu, na siku ukiitwa kwa maiki, uje upesi.