Sanduku la Insulini la Elihuruma

Wasikilizaji wapendwa, poleni na baridi. Leo tunamkumbuka Elihuruma, fundi umeme, mwenzetu hapa ughaibuni, mjini Hopkins. Ametutoka Januari hii ya 1997, akiwa njiani kupeleka dawa ya dada yake.

Dada huyo ni Dafrosa, anaishi Same, Tanzania. Ana kisukari. Insulini kule ni ya kubahatisha, na ile aliyotumiwa kutoka huku ilikuwa ikifika imeharibiwa na joto. Mwaka jana alijidunga dawa iliyoharibika, akazimia, nusura afe. Elihuruma akaapa kuunda sanduku lake mwenyewe.

Kwanza alijaza maranda ya mbao kwenye kuta za sanduku. Barafu ya ndani ilipoyeyuka, maranda yakalowa, joto likapenya. Akajaribu pamba ya nyuzi za kioo, ile ya kwenye kuta za nyumba. Nayo ikanyonya maji, ikanywea. Mkewe, Makena, alimkuta anajikuna mikono mpaka inatoka damu.

"Wewe, wachana na hiyo kitu! Si ununue tu cooler?"

"Ya dukani baridi yake haifiki Same, mama. Huyu ni Dafrosa."

Mwishowe akachagua povu gumu la plastiki, lisilonyonya maji. Akapanga mabamba yake tabaka mbili, akaziba kila ufa. Akatia dawa ndani, akaliweka sanduku kando ya hita, kisha nje kwenye theluji. Dawa haikupata moto, wala haikuganda. Makena anasema alicheka peke yake kama mtoto.

Jumamosi akaondoka kwenda mji wa Blaine, kumkabidhi sanduku rafiki yake Cyrus, aliyekuwa anasafiri kesho yake kwenda Tanzania. Barabara ilikuwa barafu tupu. Gari likateleza, likaingia chini ya lori. Elihuruma alifia palepale.

Polisi walimpa Makena vitu vya marehemu. Sanduku lilikuwa limeshinda kwenye gari lile, katika baridi ya kupasua mawe. Akalifungua, akatikisa chupa. Dawa ilikuwa bado majimaji; ingeganda, ingekuwa imeharibika. Makena alijifuta machozi, akamwomba jirani amwendeshe, yeye mwenyewe akaifikisha kwa Cyrus.

Juzi Dafrosa alimpigia Makena simu. "Wifi, dawa imefika salama. Nimejidunga huku namlilia kaka."

Makena, Dafrosa, na ukoo mzima, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, tujiulize: nani kule nyumbani uhai wake uko mikononi mwetu? Basi tukishika usukani, twende taratibu. Kuna watu wanatungoja.