Mzee Funguo na Makabati Manne ya Umoja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza ukumbi wetu, ambaye wote tunamwita Mzee Funguo, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ukumbi huu ulijengwa na madhehebu manne kwa pamoja, ili yazoeane hadi yawe kanisa moja. Msicheke kwanza.

Aliajiriwa kufungua mlango mmoja. Kabla mwaka haujaisha akakabidhiwa makabati manne, maana kila dhehebu lilitaka kufuli lake: vikombe vyake vya ushirika, vitambaa vyake, hata ufagio wake. Kila Jumapili alipanga meza, akapangua, akapanga tena. Siku moja akakosea, akatandika kitambaa cha ibada ya kwanza kwenye ibada ya pili. Wachungaji wakaitisha kikao cha dharura, na kitambaa kikafuliwa upya. Sijui kilikuwa kimeambukizwa nini.

Kamati ya Umoja nayo ilikaa miaka yote hiyo. Mihtasari yake nimeipiga chapa mimi, naijua. Kila mmoja anataka kanisa moja, mradi liwe lake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa walivuta mpaka ngozi ikapasuka.

Sasa, mke wa Mzee Funguo ni wa dhehebu jingine. Miaka yote hiyo alimtandikia mama yule meza ya Bwana, kisha akarudi kusimama mlangoni, kwa kuwa hakuruhusiwa kushiriki naye. Alipokaribia kustaafu aliomba zawadi moja tu: Jumapili yake ya mwisho ale mkate ule pamoja na mkewe. Kamati ikampiga danadana weee, mwisho ikajibu kwamba suala hilo linahitaji utafiti. Utafiti! Tulikasirika, na hasira bado tunayo.

Kwenye hafla ya kumuaga ililetwa keki. Mzee akamlisha mkewe, mkewe akamlisha yeye. Kisha wachungaji wote wanne wakaivamia, kisu kimoja, sahani moja, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake kama alibatizwa kwa maji mengi au kidogo. Mama akawatazama wakitafuna.

"Kumbe mnaweza," akasema.



Asante, Mzee Funguo, kwa kazi njema na kwa uvumilivu ambao hatukuustahili. Tunakutakia Jumapili nyingi, wewe na mama, kwenye benchi moja. Sisi tunaendelea na vikao.