Wasifu wa Mama Jeli na Ini Alilotuachia

Dada yetu, tunayemlaza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mshona nguo. Alipokuwa na miaka minane alipewa kazi ya kukaanga mayai, akayaacha yaungue kwa sababu alikuwa ameinama kutazama ute unavyogeuka mweupe. Sote tulikwenda shule na njaa. Mama alisema huyu ataolewa na kikaango.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya baba, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya fizikia.

Mwaka 1995 aliajiriwa kwenye kitengo cha vifaa cha hospitali ya rufaa. Ilipokuja mashine ya kuchoma uvimbe ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, bila kisu, ndiye aliyeitengenezea nyama ya bandia ya kujaribia. Alikoroga jeli angavu yenye ute wa yai. Wimbi likipiga, ute huiva na kubaki doa jeupe lisilofutika, nalo huonyesha kama mashine imelenga au imekosa. Kabla ya kuiwasha alikipapasa kipande na kukiambia pole. Wenzake wakamwita Mama Jeli, wakamtania kwamba jeli haina masikio.

“Mgonjwa anayo,” aliwajibu. “Nikizoea kunyamaza hapa, nitanyamaza na kwake.”

Mwaka 1997 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa binti na mwana. Rafu ya chini ya friji yao ilikuwa ya mafigo na maini ya jeli. Wifi yake mmoja alishawahi kushika kijiko akidhani ni kitindamlo; mpaka leo, kabla ya kufungua friji ile, hupiga hodi.

Februari 2022 alikutwa na uvimbe kwenye ini, mahali ambapo kisu kisingefika. Tumaini lilikuwa mashine ile ile, kwani nyingine haikuwa karibu. Aliomba picha zake, akamimina ini la jeli kwa vipimo vyake mwenyewe, uvimbe ukiwa mahali pake. Alisema pole, fundi wa mashine akawasha. Doa likatokea pembeni, kwenye mshipa mkubwa wa damu. Walimimina mengine. Mengi yalilengwa sawasawa, lakini mara moja moja doa lilipotea njia tena.

Mumewe alimsihi jikoni, machozi yakimtoka. “Mengi yamepona, mke wangu. Tubahatishe.”

“Nikitoka mzima, nani atawazuia walio nyuma yangu kwenye foleni ya mashine hii wasibahatishe nao?”

Akaisimamisha mashine. Kipuri cha kurekebisha ulengaji wake kilifika Oktoba. Alipelekwa kwa kiti cha magurudumu kuipima, doa likakaa katikati, naye akacheka. Lakini uvimbe wake ulikuwa umeshazaa wenzake. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Januari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tangu alfajiri hiyo nyumba haijatulia. Friji ikianza kunguruma, lile ini la jeli la kwanza, alilokuja nalo nyumbani, hutetemeka kwenye bakuli lake, na shemeji hutoka jikoni. Binti anasema amesikia pole akiwa peke yake, na hatumbishii. Fundi wa mashine naye ametuambia kwamba sasa, kabla ya kubonyeza, huingoja kwanza sauti ile. Isipokuja, huisema mwenyewe, na mgonjwa humwitikia asante. Jeli haikuwahi kumwitikia dada yetu.

Ameacha mume, binti, mwana, mama mzazi na sisi ndugu zake wanne. Ameacha wale waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, ambao wengine wamesimama hapa na miguu yao wenyewe. Ameacha na ini moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitupa.

Pole, dada yetu. Sasa pumzika.