Skrini Nne Zilizotazama Barabarani

Mama mwenyekiti, asante. Asalaam aleikum kwa wenye kuitikia hiyo, Bwana asifiwe kwa wenye kuitikia hiyo, na wale wanaoitikia zote mbili ili wasipitwe na baraka ya upande wowote, nawaona, karibuni.

Nimeitwa hapa mbele nieleze nilivyoanguka, kwa sababu kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimepokea wanachama wapya, na wapya lazima watishwe kidogo. Wengi mnanijua. Ndiye mimi mpiga picha wa kike wa hapa Rahaleo, mhitimu wa masomo ya jioni, mwenye cheti kikubwa kuliko mlango kiliopitia. Siku nilipokitundika, ukuta uliinama. Msicheke, nendeni mkauone.

Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kupiga picha za ndani. Sisemi za ukumbini. Ukumbini kila mwenye simu ni mpiga picha. Nasema ndani kabisa, siku bi harusi anaposingwa kwa liwa na manukato, somo wake anayemfunda yupo, mashangazi wapo, mlango umefungwa na hakuna mwanaume hata wa kubeba ndoo. Mle wanawake wanacheza. Yule mama unayemjua sokoni kwa kununa, mle ndani anakata kiuno mpaka kuta zinaona haya. Zile picha nikishapiga nazisafisha, nazichapisha, zinawekwa kwenye albamu, na albamu inalala sandukuni chini ya vitenge. Hazitumwi kwa simu. Mwanaume hazioni, hata aliyeoa hazioni. Hakuna aliyeiandika amri hiyo na hakuna asiyeijua.

Basi nilikuwa na laptop yangu kuukuu, naielekeza ukutani, mgongo wangu ndio pazia. Ilikuwa nzito ya akili, maskini. Ukiiambia ifungue picha, unaweza kwenda Bandarini, ukatazama malori ya korosho yakishusha mzigo, ukarudi ukaikuta bado inatafakari.

Na huku masomo ya jioni yameshanipanda kichwani. Tulifundishwa habari za hisa, kwamba hata mtu wa Rahaleo anaweza kumiliki kipande cha kampuni kubwa. Nikanunua hisa chache kwa simu. Chache, ndugu zangu, zingeweza kukaa kwenye kisosi. Lakini nikaanza kutazama video za wafanyabiashara wa hisa wa nchi za watu: mtu amekaa, mbele yake skrini zimepangwa ukuta mzima, namba zinakimbia kama siafu. Nikasema, mimi nikipata mashine ya namna ile, mchana nauza na kununua hisa, jioni nasafisha picha. Mashine moja, kazi mbili, na umaskini uhamie kwa jirani.

Nikaenda dukani. Muuzaji akanipokea kama shemeji.

"Dada, shida yako?"

"Nataka kompyuta ya skrini nyingi. Ya hisa na ya picha. Na iwe ya bei nafuu."

"Umefika. Hii ina skrini nne, na bei yake ni ya skrini moja na nusu."

"Hizo mbili na nusu zilizobaki ni za nani?"

"Za upendo."

"Na rangi je? Mimi mtu wa picha."

"Rangi zote zimo, dada."

Nawaambia, hakudanganya. Rangi zote zilikuwemo. Kila skrini ilikuwa na zake. Bi harusi mmoja, kwenye skrini ya kwanza ni wa njano kama embe, kwenye ya pili ni wa kijani kama mtu aliyekunywa maji ya bahari, ya tatu amepauka, ya nne hata mama yake angemwuliza wewe mtoto wa nani. Na sanduku lenyewe la kompyuta lilikuwa mtumba wa ofisini, limezoea kuandika barua. Lilikuwa na nafasi ya kuchomeka skrini mbili tu. Nyingine mbili zilitundikwa kwa vijiwaya vya kuungaunga, kama taa za harusi.

Kuna mwenzetu humu, anafanya kazi kwa mawakala wa forodha pale Bandarini, anakaa na kompyuta kutwa. Siku ile alipita akaniuliza, "Shoga, hizo hisa zako husogea mara ngapi kwa siku?"

Nikamjibu, "Una wivu."

Mnaona nilivyokuwa msomi?

Sasa sikilizeni kosa. Mtu mwenye skrini nne hawezi kuzielekeza ukutani. Atakuwa amezinunulia nini? Nikaweka meza dirishani. Skrini mbili zikanitazama mimi, mbili zikatazama barabarani, zenye namba za hisa, nyekundu na kijani, kila apitaye aone kwamba hapa kuna mtu. Watu wakaja. Baada ya swala ya alasiri kibaraza changu kilijaa wanaume kuliko siku ya malipo ya korosho. Mwenye kahawa alihamishia birika lake pale.

"Mwanangu," mzee mmoja akaniuliza, "hapo korosho ipo?"

"Haipo, mzee wangu."

"Sasa soko gani hilo lisilo na korosho?"

Kijana mwingine akadakia, "Dada, nyekundu ndiyo nini?"

"Imeshuka bei."

"Na kijani?"

"Imepanda."

"Na hiyo iliyosimama tu?"

"Hiyo ni yangu."

Tulicheka, wallahi. Kile kibaraza kilikuwa na raha. Nasema hivi ili mjue kwamba shimo huwa halina harufu mbaya mnapolichimba.

Msimu wa korosho ukaisha, watu wakalipwa, harusi zikaanza kumwagika. Nikaitwa kijijini Mpapura. Somo wa yule bi harusi alikuwa mama mmoja wa huku kwetu mjini, mwalimu wa madrasa ya watoto. Simtaji jina. Nitamwita Bi Mwalimu, na nimemwomba ruhusa kusema haya. Akaniambia, "Waambie. Hao hawajawahi kusikia upande wangu." Ni mjane wa miaka mingi. Watoto wetu amewafundisha alifu na be kwa fimbo ndogo na sauti ndogo, na meno yake hakuna aliyewahi kuyaona.

Siku ile, mle ndani, ngoma ikakolea, ungo ukawa unazunguka, kila aliyeupokea anacheza nao. Ukamfikia Bi Mwalimu. Tukajua ataupitisha. Ndugu zangu, aliusimamisha ule ungo kichwani, akafunga kanga kiunoni, akashuka nao mpaka chini, akapanda nao, na hakuushika. Sijaona kitu kile tena. Sitii chumvi hapa. Kwingine kote natia, hapa sitii. Nikapiga picha.

Siku chache baadaye niko dirishani naisafisha picha ile ile. Iko kwenye skrini inayonitazama mimi, namba ziko nje, wanaume wako kibarazani. Umeme ukapepesa. Kidogo tu, kama mtu anayekonyeza. Skrini zote zikazima, zikawaka tena. Nikaona mbele yangu namba za hisa. Nikasema moyoni, ah, leo zimekuja kunisalimia.

Zile waya za kuungaunga, umeme ukikatika, mashine ilikuwa inasahau skrini ipi ni ipi. Yule shemeji wa dukani hakunieleza hilo, na mimi sikuuliza, nilikuwa nahesabu upendo.

Kibarazani mtu akapiga mbinja.

"Huyu si Bi Mwalimu?"

"Wallahi ndiye! Kumbe mambo yamo!"

"Shusha, Bi Mwalimu, shusha!"

Niling'oa waya zote, hata ya feni. Nilitoka nje napiga mayowe. Lakini simu ilishanyanyuliwa, na hiyo ndiyo kazi ya simu. Jua lilipozama, picha ilikuwa imefika kwa watu ambao mimi sijafika kwao.

Kesho yake madrasa, Bi Mwalimu akamwambia mtoto asimame asome. Mtoto akasimama, akaweka daftari kichwani, akazungusha kiuno. Wenzake wakaangua kicheko. Bi Mwalimu hakuinua fimbo. Alifunga juzuu, akavaa kandambili zake, akaenda nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Hakurudi.

Na wale wanaume wa kibarazani? Hakuna hata mmoja aliyefumba macho, na wote wamezaliwa na mama. Hakuna aliyekosa kazi, hakuna aliyekosa salamu. Mpaka leo wananiambia, "Dada, siku hizi hisa hatuzioni." Nacheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka. Lakini mjue kwamba nacheka kwa meno tu.

Mimi nilifungiwa milango. Msimu uliofuata sikuitwa hata na paka anayeolewa. Wanawake wakiniona na kamera walivuta mitandio. Nilikwenda kwa Bi Mwalimu kuomba radhi, nikabisha hodi.

"Nani?"

"Ni mimi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Bi Mwalimu."

"Siku ile ulikuwa na wengi."

Mlango haukufunguliwa.

Nikauza hisa, hazikutosha hata kunisikitisha. Nilikula muhogo mpaka nikawa naogopa kukaa bustanini, nisije nikaota. Skrini nilizirudisha dukani. Muuzaji akaniambia, "Dada, upendo haurudishwi." Nikaziuza moja moja, moja ilikwenda kwenye kibanda cha kuonyesha mpira. Nasikia huko wachezaji wote ni wa kijani.

Mlioniinua ni nyinyi. Mlinikopesha wakati nilikuwa sina hata wa kuniitikia, na yule shoga wa Bandarini niliyemwambia ana wivu akafunga kazi siku hiyo kunisindikiza dukani, duka jingine. Hakunikumbusha neno langu. Alinikumbusha njiani tu, na tulipofika, na wakati wa kurudi.

Akaniambia, "Hisa zako zitazame kwa simu asubuhi na jioni, hazina pa kukimbilia. Pesa yote iende kwenye sanduku lenye memori ya kutosha na skrini moja inayosema kweli ya rangi. Ya pili iwe ya kawaida, ya kuwekea vifaa vya kusafishia picha, na hayo manamba yako ukiyataka. Zote mbili zichomekwe kwenye sanduku lenyewe, tusitundike kitu. Na betri ya kushika umeme ukikatika."

Nilikwenda na picha niliyoichapisha, nikaifungua kwenye skrini pale pale dukani, nikaishika pembeni nikalinganisha kitenge kwa kitenge. Halafu nikamwambia muuzaji, "Zima umeme."

"Dada, una akili?"

"Nilikuwa sina. Zima."

Akazima, akawasha, mara kadhaa. Kila kitu kilibaki mahali pake. Ndipo nikalipa. Nikahamia chumba cha nyuma kisicho na dirisha, skrini zinatazama ukuta, katikati nakaa mimi. Mashine nzuri, haijawahi kunitesa. Ila haikuwa na kazi. Nilikaa nayo tunatazamana kama wachumba waliogombana.

Mpaka alasiri moja nikasikia hodi mlango wa nyuma. Bi Mwalimu. Hakungoja karibu, akakaa.

"Ipo?"

"Nini, Bi Mwalimu?"

"Hiyo picha."

Ilikuwepo. Nilikuwa sijathubutu kuifuta wala kuifungua. Nikaanza kujieleza, akaninyamazisha kwa mkono.

"Wanaume wa Rahaleo wote wameniona. Watoto niliowafundisha kusoma wameniona. Mimi mwenyewe sijaiona. Fungua."

Nikafungua. Kwenye skrini ile ya kweli, kanga ilitoka rangi yake, jasho la paji la uso likaonekana, ungo uko juu, mikono ameitandaza, mdomo umefunguka kwa kicheko na meno yote yako nje. Aliitazama mpaka nikaanza kusikia betri inavyovuma.

"Kumbe nilikuwa na raha hivi," akasema.

Akaisogelea skrini. "Tangu marehemu aondoke, sikujua kama bado naweza."

"Nikuchapishie? Uiweke sandukuni, hakuna atakaye—"

"Ifute. Yangu wameshaitumia."

Nikaifuta. Akataka kuona hata kule zinakokwenda zilizofutwa, nako nikasafisha mbele yake. Akasimama, akajitanda. Mlangoni akageuka.

"Sijakusamehe. Ijumaa mpwa wangu anasingwa. Mwanaume simwingizi ndani, na mwenye kamera ni wewe. Vaa kitenge cha heshima."

Ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyorudi kazini. Walipomwona yeye amenileta, wengine wakafungua. Si wote. Zipo nyumba hapa mjini nitakufa sijaingia, na wana haki. Nawashukuru nyinyi mlionishika. Namshukuru shoga wa Bandarini, wivu wake Mungu amzidishie. Na wanachama wapya, mkienda kununua mashine, ya hisa, ya picha, hata cherehani, msiulize kama nilivyouliza mimi. Kabla hamjahesabu skrini, ulizeni zitatazama wapi, na nani atakuwa amekaa upande huo.

Ile Ijumaa nilikwenda. Ngoma ikakolea, ungo ukazunguka, ukamfikia Bi Mwalimu. Wanawake wote wakamtazama. Aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza mapajani, akaupapasa ukingo wake. Nikashusha kamera, nikaifunika kwa mtandio, wote wakaniona nimeifunika.

Tulingoja. Kisha akaupitisha kwa wa pembeni yake.